Naomba ushauri: kumpeleka mama Houghton Mill, kinu cha maji cha kale Cambridgeshire

Mnyalukolo_Peterborough

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mama yangu mzazi, mwenye miaka sabini na ushei, amekuja kututembelea kutoka Njombe na tutakuwa naye hapa Peterborough, Uingereza, hadi mwisho wa mwezi wa nane. London tumeshampeleka, naye hakuficha kwamba imemchosha. Anachokitamani ni kuona mashamba, mto, na watu wakifanya kazi ambayo macho yake yanaweza kuifuatilia. Jirani amenielekeza Houghton Mill, kinu cha maji cha kale kilichokarabatiwa kwenye Mto Great Ouse, kati ya Huntingdon na St Ives.

Naomba ushauri wa waliokwishafika. Mama anasumbuliwa na magoti, sisi hatuna gari, na wajukuu wake hawatulii hata kidogo. Kubwa zaidi, nachelea kumfikisha mbele ya gurudumu lililosimama na vibao vya maelezo ukutani. Amepeleka mahindi mashineni tangu utotoni, na nilipomweleza kuhusu safari hii aliuliza swali moja tu: kinasaga, au ni cha kupigia picha?

Fundi_Mitambo

Mkuu, mpe mama shikamoo yangu na umwambie kwamba kinasaga, ila si kila siku. Kinu hicho kiliacha kazi ya biashara mwaka 1930, wanakijiji wakakinusuru, kikatumika kama hosteli ya vijana kuanzia 1935 hadi 1983, na gurudumu la upande wa kaskazini likawekwa jipya mwaka 1999 chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, ambalo limekishika tangu 1939. Kwa hiyo jengo ni la kale lakini gurudumu utakaloliona si la kale, jambo ambalo binafsi halinikeri, maana mbao zinazokaa majini huoza na wenye vinu wamekuwa wakibadilisha magurudumu miaka yote.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii ni kwamba mto ukijaa, kinu husimama. Mtu hudhani maji mengi ndiyo nguvu nyingi, kumbe gurudumu linategemea tofauti ya kimo kati ya maji yaliyozuiwa upande wa juu na yale yanayotoka upande wa chini. Bonde la Great Ouse ni tambarare, hivyo tofauti hiyo ni ndogo tangu mwanzo. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya upande wa chini hupanda hadi yakayazamisha mapanga ya gurudumu, na mapanga hayo, badala ya kusukumwa, hukwama yakihangaika kuyasukuma maji yenyewe. Kwa sababu hiyo piga simu asubuhi ile ile ya safari, na usiishie kuuliza kama wamefungua. Uliza kama leo wanasaga.

Mkikuta kinasaga, vibao viacheni, mpelekeni mama moja kwa moja penye mawe. Katika vinu vya aina hii nafaka hupandishwa kwa mnyororo hadi juu kabisa, kisha hushuka kwa uzito wake mpaka kwenye kasha pana la mbao lililo juu ya mawe. Chini ya kasha hilo kuna kihori kidogo kinachogongwagongwa na chuma chenye pembe kinachozunguka pamoja na jiwe. Jiwe likiongeza kasi, kihori hutikisika zaidi na nafaka humiminika zaidi. Likipunguza mwendo, nafaka nayo hupungua, bila mkono wa mtu. Jiwe la juu ndilo linalozunguka, la chini limetulia, na hayapaswi kugusana kamwe, ndiyo maana mhudumu kila baada ya muda hukinga kiganja unga unapotokea na kuusugua kwa kidole gumba: ukiwa wa moto kupita kiasi au chenga zikiwa kubwa, anajua mawe yanahitaji kurekebishwa. Mama aliyekulia mashineni ataelewa ishara hiyo kabla yako.

Mwana_wa_Nyeri

Kwa heshima zote, mimi nina wasiwasi na gharama. Familia nzima kulipa nauli na kiingilio ili kuona mawe yakizunguka ni jambo la kufikiria mara mbili, hasa kwa mtu ambaye nyumbani amezungukwa na mashine. Isitoshe, vinu vya maji si maajabu ya Wazungu peke yao: katika miaka ya 1930 Waafrika wa Kenya ya kati, wakiwamo wa Nyeri na Kiambu, walijijengea vinu vyao kwenye vijito wakawa wanasaga mahindi na kuyauza. Ushauri wangu ni kwamba kama siku hiyo hawasagi, msiingie ndani. Tembeeni kando ya mto mfurahie.

MamaPacha_StIves

Dada (au kaka, maana jina halionyeshi), mimi ni mkazi wa karibu na nimewapeleka wageni wengi pale. Nakubaliana na ndugu wa Nyeri kwa nusu tu. Kinu kimekaa kwenye kisiwa katikati ya mto, na njia ya waenda kwa miguu inapita papo hapo hadi kwenye malango ya kupitishia mashua, kisha, ikiwa imefunguliwa, inaendelea kwenye malisho kuelekea kijiji cha Hemingford Abbots. Hapo hakuna anayekudai senti, njia ni tambarare, na watoto watashinda wakitazama mashua zinavyopandishwa na kushushwa. Washikeni mikono, kwa sababu maji ni ya kina.

Ndani, ngazi ni za mwinuko mkali, kwa hiyo magoti ya mama yatamruhusu sakafu ya chini, pengine na moja juu yake kama atapumzika. Nashauri wajukuu wapande na mtu mzima mmoja huku mama akibaki chini, mahali unga unapoingia kwenye gunia, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu wote.

Mkipita uwanja mdogo wa kijiji, mwonyesheni sanamu ya Potto Brown, aliyekuwa mwenye kinu hicho katika karne ya 19 na mtu wa dini kwelikweli. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiingia na daftari la hesabu kwenye maombi ya familia ili amtajie Mungu majina ya wadeni wake. Mama wa Kinjombe atacheka, na huenda akaondoka na mbinu.

Mnyalukolo_Peterborough

Ni kaka, dada yangu, na nawashukuru nyote. Nimemsomea mama majibu haya na amecheka sana kuhusu huyo mzee wa daftari. Sasa ameuliza kama unga wa pale unauzwa na kama unafaa kwa chapati.

Fundi_Mitambo

Wanapokuwa wamesaga huuzwa hapo hapo, na ni wa ngano isiyokobolewa. Kiini cha ngano hubaki ndani pamoja na mafuta yake, hivyo huchacha mapema kuliko unga mweupe wa dukani. Nunueni kidogo na kinachobaki kiwekeni kwenye friza. Kwa chapati, changanyeni nusu kwa nusu na unga mweupe, ongezeni maji kuliko mlivyozoea, na donge lipumzike muda mrefu zaidi ili pumba zilainike, vinginevyo chapati zitakatika mkononi.

MamaPacha_StIves

Naongeza jambo moja la usafiri. Pandeni treni hadi Huntingdon, kisha basi la kuelekea St Ives, mshuke barabara kuu karibu na Houghton na kuteremka kijijini kwa miguu polepole. Kama siku ya kusaga itaangukia Jumapili, angalieni ratiba mapema kwa sababu mabasi hupungua sana siku hiyo. Mimi ningeweka akiba ya teksi ya kumrudisha mama stesheni ya Huntingdon, hata kama ninyi wengine mtarudi kwa basi.