Sh 10,000 ya mwanafunzi wa msingi tangu 2002: hesabu yake iko wapi, na kwa nini mzazi bado anadaiwa rimu?

Wakuu,

Kila Januari ni yaleyale. Viongozi wanapanda jukwaani kutaja mabilioni ya elimu bila malipo, na wiki hiyohiyo mtoto anarudi nyumbani na orodha: rimu moja ya karatasi, hela ya mlinzi, hela ya mitihani ya majaribio, ufagio wa chelewa. Imeandikwa "mchango wa hiari", lakini asiyeleta anasimamishwa mbele ya wenzake. Mzazi anamvaa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu anaapa kwamba pesa haitoshi, wanagombana wao kwa wao huku wanaopaswa kutoa maelezo wakiwa wametulia maofisini.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapigwa chenga.

Ruzuku ya uendeshaji, ile tunayoiita kapitesheni, ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kiwango hicho kilikuja na MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002, kikitokana na dola 10 za Marekani, na wakati ule dola 10 na Sh 10,000 vilikaribiana. Leo Sh 10,000 haifikishi hata dola 5. Tumepita kwa Mkapa, Kikwete, Magufuli na sasa Samia, kiwango kiko palepale. Bei ya saruji, nauli na mshahara wa waziri hakuna kilichoganda miaka yote hiyo. Imeganda pesa ya chaki tu.

Na hiyo 10,000 haifiki shuleni nzima. Sh 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, inayoingia akaunti ya shule ni Sh 6,000. Gawa kwa miezi 12 unapata Sh 500. Shule ya watoto 600 ina Sh 300,000 kwa mwezi. Shule ya watoto 400 ina Sh 200,000, sawasawa na posho ya madaraka ya mwalimu mkuu wake. Posho ni haki yake na wala simsemi vibaya. Nataka uone tu kwamba serikali inamlipa mtu kusimamia shule, kisha inampa pesa ya kuiendesha isiyozidi hiyo posho.

Chukua mtihani mmoja wa ndani kwa wale 600. Masomo sita, karatasi mbili kila somo, ni karatasi 12 kwa mtoto, jumla 7,200. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo unahitaji rimu 15. Hata ukizipata kwa Sh 10,000 moja, na sehemu nyingi hupati, ni Sh 150,000. Nusu ya pesa ya mwezi imekwisha kabla ya wino, kabla ya kuchapa, na huo ni mtihani mmoja. Hapo hujagusa chaki, umeme, maji, kitasa kilichovunjika, mpira wa michezo na nauli ya kufuata vitu mjini. Mlinzi ndiyo usahau kabisa. Tena mwongozo unataka hiyohiyo igawanywe mafungu: ukarabati, shajala (vifaa vya kuandikia), mitihani, michezo, utawala. Kwa hiyo mwalimu mkuu akihamishia pesa ya ukarabati kwenye karatasi, ana hoja ya ukaguzi. Akiwafuata wazazi, amevunja waraka wa elimu bila malipo. Akikaa kimya, watoto hawafanyi mtihani. Ukimtengenezea mtu mazingira ya namna hii, usishangae vitabu vya hesabu vikianza kuandikwa riwaya.

Sekondari ni ugonjwa uleule: Sh 25,000 kwa mwaka, nayo sehemu inakatwa ya vitabu.

Sasa hiyo Sh 4,000. Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote. Watoto 600 mara 4,000 ni Sh 2,400,000 kwa mwaka kwa shule moja. Pesa inakaa juu, vitabu vinatoka Taasisi ya Elimu, shule inaletewa maboksi na hati ya kusaini kupokea. Mzazi hawezi kukaa na kamati ya shule akalinganisha thamani ya maboksi na ile milioni 2.4, kwa sababu upande mmoja una idadi ya nakala na mwingine una shilingi. Mwaka 2017 vitabu vilikutwa na makosa mpaka Bunge likachachamaa na watendaji wakasimamishwa. Pesa ya vitabu vile ilikuwa ya watoto walewale. Kuna mtu aliwarudishia?

Halafu majengo. Mwaka 2021 zilitoka fedha za UVIKO, madarasa 15,000 kwa Sh milioni 20 kila moja. Kazi kubwa, sibishi. Lakini bei ni moja, uwe kijiji kilicho kando ya lami au kisiwani Ukerewe ambako saruji inavushwa kwa boti. Pengo linazibwa na nguvu za wananchi, au na fundi kupunguza saruji. Mfuko mmoja unaotakiwa kutoa tofali 30 hadi 35 za inchi sita unafyatua 50. Zege la sakafu halimwagiwi maji hata siku saba kwa kuwa mkuu wa wilaya anataka kukabidhiwa. Miaka miwili sakafu inabanduka, vumbi linapaa darasani. Na ukarabati wake unatoka wapi? Kwenye zile Sh 500 za mwezi.

Kuna watakaoniambia CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, yupo. Yupo, na anafanya kazi yake. Ila tazama kalenda: mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, ripoti inafika kwa Rais mwishoni mwa Machi, inatua bungeni Aprili. Mpaka LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inamwita mkurugenzi wa halmashauri, yeye kahamishwa na mwalimu mkuu kahamishwa. Pia CAG anakagua halmashauri na kuchukua sampuli, hawezi kufungua leja ya kila shule.

Ya kila shule ni kazi yetu wazazi, na si ngumu kama tunavyoaminishwa. Usiende kuuliza "pesa mnakula?", utafukuzwa. Omba vitu vyenye majina. Taarifa ya benki ya akaunti ya shule kwa robo mwaka iliyopita. Taarifa ya mapato na matumizi kutoka FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za shule, kwa sababu mfumo unaitoa, hakuna wa kukwambia inaandaliwa. Muhtasari wa kikao cha kamati ya shule kilichopitisha matumizi. Kisha zidisha mwenyewe: idadi ya watoto mara Sh 500 mara miezi mitatu. Ikiwa iliyoingia ni pungufu, tatizo liko juu, na hapo simama na mwalimu mkuu, msimshambulie. Angalia pia idadi iliyotumika, maana shule iliyopokea watoto wengi Januari inaweza kuwa bado inalipwa kwa takwimu za zamani. Ikiwa imeingia kamili, fuata risiti na leja ya stoo: chaki boksi ngapi zilipokelewa, nani alisaini.

Ukinyimwa, andika barua kwa mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ana siku 30 za kukujibu. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri hujaandika kitu. Diwani naye asikuzungushe, vikao vya kawaida vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nenda ukakae usikilize taarifa ya robo. Penye harufu ya wizi, TAKUKURU ni 113, bure.

Na nyie wa TAMISEMI, Wizara ya Elimu na Hazina mnaosoma humu kimyakimya, acheni kurushiana mpira. Swali ni moja: kwa nini mwanafunzi wa leo anapewa pesa ya mwaka 2002?

Wadau, mwenye picha ya ubao wa matangazo wa shule yoyote ya serikali uliobandikwa mapokezi na matumizi ya robo hii, aitupie hapa chini. Ficheni majina ya watu.