Ulinganisho: senti 24 ya Marekani, shilingi 1 ya Uingereza au senti 12½ ya Kanada?

Mwanagenzi: Natafuta bahasha moja iliyovuka Atlantiki kabla ya 1870, stempu ikiwa bado juu yake. Nimebakiza tatu: senti 24 ya Marekani ya 1861, shilingi 1 ya kijani ya Uingereza ya 1847, na senti 12½ ya Kanada ya 1859. Ipi inamfaa anayeanza?

LakiriNyekundu: Senti 24. Mkataba wa posta wa Desemba 1848 kati ya Marekani na Uingereza uliweka ada ya barua ya nusu wakia kuwa senti 24: 5 za Marekani, 16 za meli, 3 za Uingereza. Ada hiyo ilidumu hadi mwisho wa 1867, kwa hiyo bahasha hazijaadimika sana. Tena hesabu zake zinasomeka, yaani namba ambazo posta iligonga kwenye bahasha ili nchi mbili zigawane ada. Barua iliyolipiwa Marekani ikapanda meli ya Marekani huwa na "3" nyekundu, yaani fungu la Uingereza. Ikipanda meli ya Uingereza, "19" nyekundu (16 na 3). Wino mweusi ni deni la barua isiyolipiwa: "21" kwa meli ya Marekani, "5" kwa ya Uingereza. Stempu ya senti 24 kwenye bahasha yenye "21" nyeusi imebandikwa na mtu baadaye. Usinunue.

Nusu Wakia: Atakayekuuzia atasema malipo yalipungua. Ni kweli malipo pungufu hayakuhesabiwa kabisa, barua ikadaiwa yote kama isiyolipiwa, lakini iliyozidi nusu wakia ada yake ni mara mbili, hivyo ingedaiwa "42", si "21".

UziWaHariri: Kwa uzuri, hakuna inayoifikia shilingi ya 1847. Ila ndiyo yenye mitego zaidi. Ilipigwa chapa moja moja kwa mkono, hivyo kwenye karatasi zinabanana, nyingine zinapandana, na haina meno (vitobo vya kuchania). Wengi waliikata kufuata pembe zake nane, na iliyokatwa hivyo thamani hushuka mno. Hapo ndipo mafundi wa feki huingia: huipachika ya pembe nane ndani ya kipande kipya cha karatasi ili ionekane mraba. Pitisha lenzi ya 10x kwenye ukingo wa mchoro, taa ikiwa pembeni. Kiungo kitatoa kivuli. Karatasi halisi ina nyuzi mbili za hariri ndani yake.

Cartier17: Msiisahau Kanada. Senti 12½ ilikuwa ada ya kwenda Uingereza kwa meli za kampuni ya Allan, zilizoondokea Quebec kiangazi na Portland, Maine, Mto St. Lawrence ulipoganda. Kupitia Marekani kwa meli za kampuni ya Cunard ilikuwa senti 17, stempu ya buluu yenye sura ya mvumbuzi Jacques Cartier. Stempu yenyewe inakuonyesha njia. Hakikisha mihuri ya safari inakubaliana nayo.

Mwanagenzi: Na za kutoka Marekani kwenda Ufaransa?

LakiriNyekundu: Kuanzia Aprili 1857 ada ilikuwa senti 15 kwa robo wakia, kwa hiyo bahasha za senti 30 na 45 (ada mbili na tatu) ni za kawaida. Stempu nyeusi ya senti 15 yenye sura ya Rais Lincoln, ya 1866, ni chaguo zuri na bei yake inavumilika.

Kuhusu rangi ya senti 24: jua na kemikali huibadilisha, basi usiongeze hata senti kwa rangi inayoitwa "buluu ya chuma" isiyo na cheti cha mtaalamu. Na ukishainunua, stempu usiibandue. Bahasha iweke kwenye mfuko wa poliesta, kamwe si wa plastiki ya PVC, maana huo hutoa mafuta yanayoharibu karatasi.