Maswali ya kung'amua kwenye TOEFL, nakosa kila siku

Wakuu habari zenu, nafanya TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, mwezi ujao, kusoma niko vizuri ila nikifika yale maswali ya kung'amua kitu ambacho mwandishi hajakisema waziwazi nabaki na majibu mawili yote naona sawa, nachagua moja nakosa. Jana kifungu kilisema umeme ulipofika kijijini, ndani ya miaka miwili mashine za kusaga za dizeli zikafungwa. Nikaweka "umeme ni wa bei rahisi kuliko dizeli", nimekosa. Kwa nini jamani?

Jibu 1:
Mkuu hiyo bei umeitoa wapi? Kifungu hakijataja hela popote, umeileta wewe kutoka mtaani kwako. Inawezekana ni kweli kabisa, ila hapo haipo. Jibu lazima liwe lile la kwamba kabla ya umeme kijiji kilikuwa na mashine za dizeli, najua linaonekana la kitoto, lakini neno "zikafungwa" ndo linalibeba, kitu hakifungwi kama hakikuwepo. Mi kila jibu natafuta mstari unaolibeba naweka kidole, kidole kikikosa pa kukaa nalikata hata kama limenivutia vipi.

Jibu 2:
Na angalia ukubwa wa maneno. Kifungu kikisema "wengi" jibu likasema "wote", achana nalo.

Muulizaji:
Asanteni sana, nimerudia maswali ya jana kwa kidole, matatu niliyokosa yote nilikuwa nimeongeza ya kwangu.