Naomba ushauri: mtandao haushiki, nadaiwa ada ya kuvunja mkataba

Wakuu, nina mkataba wa simu wa miezi 24. Mwezi wa nane mtandao ukaanza kusumbua: ndani ya nyumba haushiki kabisa, mpaka nitoke nje nikiwa nimeinua simu juu kama naomba mvua, na bado inakatika katikati ya maongezi. Huduma kwa wateja nimewapigia mara sita, jibu ni lile lile, "zima halafu uwashe". Nimeomba kusitisha, sasa wananidai miezi yote iliyobaki!

Namba za malalamiko ninazo, na picha za skrini zenye tarehe. Nianze kwa barua kwao au niende moja kwa moja kwa mamlaka ya mawasiliano? Na nikigoma kulipa, haitaniharibia rekodi ya mikopo?