Naomba ushauri: kumpeleka mama makumbusho ya Byculla, Mumbai

Wakuu, habari za leo. Niko Mumbai na mama, tumekuja kwa matibabu ya nyonga, na daktari ametupa siku nne kabla ya vipimo vya mwisho. Mama amechoka kukaa chumbani. Alikuwa mwalimu wa historia Tanga, kwa hiyo natamani sana nimpeleke Makumbusho ya Dr. Bhau Daji Lad pale Byculla. Yalifunguliwa 1872 na yanaeleza jiji lenyewe: ramani za zamani, sanamu ndogo za udongo za mafundi na watu wa Bombay ya enzi zile, na nje kuna tembo wa jiwe aliyetolewa kisiwa cha Elephanta. Huyo tembo mama ameshaniuliza mara tatu.

Shida ni ngazi, maana anatembea kwa mkongojo. Mliowahi kufika, ghorofa ya chini pekee inatosha? Kuna pa kukaa apumzike? Treni naiogopa kwa msongamano, hivyo tutachukua teksi kutoka Andheri. Tutoke saa ngapi tukwepe foleni? Jumatano huwa wanafunga, kwa hiyo nafikiria Alhamisi. Na picha wanaruhusu? Anataka kuwatumia wanafunzi wake wa zamani.