Naomba ushauri: search, seek, hunt, chase, pursue zinanichanganya

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada, haya maneno ya Kiingereza yananivuruga. Juzi kwenye barua ya kuomba kazi niliandika "I am searching a job". Rafiki yangu akacheka mpaka machozi, eti nimeandika kwamba naipekua kazi mifukoni! Kumbe "search" peke yake ni kupekua mahali au mtu, kama polisi anavyopekua nyumba. Kama unatafuta kitu lazima uweke "for". Hilo limeingia.

Shida ni "chase" na "pursue". Mbwa akimkimbiza paka ni "chase", sawa. Sasa mtu anayesomea shahada miaka 3 naye wanasema "pursue", ambayo nayo maana yake ni kufukuzia, wakati hakimbizi chochote? "Hunt" nayo nilidhani ni kuwinda wanyama tu, nikakutana na "house hunting". Labda ni kama sisi tunavyosema kusaka nyumba. Halafu "seek", yaani kutafuta, ambayo ikienda wakati uliopita inageuka "sought", jamani!

Kwenye barua rasmi niandike "seek" au "look for"? Na nyie mnazitofautishaje bila kukariri?