Mlioishi Zaire ya Mobutu, tupeane uzoefu

Mwana wa Ujiji: Tangu jana naona vijana wanasambaza picha za Mobutu, rais wa zamani wa Zaire (Kongo ya leo), na kofia yake ya chui, wanaandika "huyu ndiye alikuwa rais". Hapa Kigoma tumepokea waliomkimbia. Naomba mlioishi kule mseme wenyewe.

Lushois: Mzee wangu alikuwa mwalimu Lubumbashi. Mshahara ulianza kwa kuchelewa, mwishowe haukuja kabisa. Mwaka 1992 mama alishikwa na uchungu usiku. Hospitalini tukapewa karatasi: glavu, sindano, uzi wa kushonea, dripu, mafuta ya jenereta. Vyote mkanunue wenyewe. Asubuhi baba alikwenda na mfuko wa noti, mfuko mzima, muuza dawa akamwambia bei imepanda tangu jana. Akauza baiskeli njiani. Aliporudi mama alikuwa hai, mtoto alikuwa ameshatutoka. Nesi alilia kutuzidi, naye alikuwa halipwi. Na miaka hiyohiyo kule Gbadolite, kijijini kwao Mobutu, kulikuwa na uwanja wa kutua Concorde, ile ndege ya kifahari yenye kasi kuliko sauti! Mtu akimsifia mbele yangu mwili unanisisimka.

Mama Furaha: Pole sana, mwanangu. Bukavu ilikuwa hivyohivyo.

Mchambuzi: Poleni, ila aliunganisha nchi. Alipoondoka si ndipo vita vilipoanza?

Kivu Yetu: Vita vilianza 1996 yeye akiwa bado rais, yuko Ulaya anatibiwa saratani. Askari aliowanyima mishahara walikimbia huku wanapora vijiji. Soma kwanza, ndugu.

Mchambuzi: Nimeuliza tu, mbona mnanivamia?

Ngaliema: Nilikuwa nasoma Kinshasa Septemba 1991, askari wasiolipwa walipoanza kupora. Raia wenye njaa wakafuata, maduka yakabaki kuta. Wakaja wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji. Mtaani kwetu watu walishangilia, wakidhani wamekuja kutuokoa. Kumbe wamefuata watu wao. Januari 1993 askari wakalipwa kwa noti mpya za zaire (pesa ya nchi) milioni 5, wafanyabiashara wakazikataa, yakarudi yaleyale, hata balozi wa Ufaransa akauawa.

Lushois: Ubelgiji ilikata misaada baada ya wanafunzi kuuawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Mei 1990. Aliyeumia ni nani? Mama yangu.

Kivu Yetu: Ulitaka waendelee kumpa? Mwaka 1982 Blumenthal, Mjerumani aliyetumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kusimamia Benki Kuu ya Zaire, aliandika wazi kwamba wakopeshaji hawataziona fedha zao. Wakaendelea kukopesha. Juni 1989 Rais Bush (baba) akampokea Ikulu ya Marekani. Walitakiwa kukata mapema!

Lushois: Sijasema wampe yeye. Wangewapa masista na mapadri, hospitali zao ndizo zilizokuwa bado na dawa.

Virunga: Nisameheni, sijawahi kuandika haya. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, mamia ya maelfu. Kipindupindu kikaingia, maiti zikapangwa kando ya barabara, ardhi yetu ni mwamba wa volkano, haichimbiki. Dada yangu alikuwa anauza mihogo karibu na kambi ya Kibumba, kikamshika. Tulimlaza juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, mimi navuta, kaka anasukuma, hadi kwenye hema la madaktari wa kigeni. Nilijua wataniuliza pesa. Hawakuuliza. Walimtundikia dripu, ya pili, ya tatu. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona dawa ya bure. Nilikaa chini nikalia kwa hasira: dawa zinaruka saa chache tu kufika Goma, na sisi tumezika watoto miaka yote hiyo kwa kuhara!

Mama Furaha: Dada yuko wapi sasa?

Virunga: Yupo, mama. Ana wajukuu.

Ngaliema: Mungu mkubwa.

Mwana wa Ujiji: Virunga, umenitoa machozi ofisini.

Mama Furaha: Warekodini wazee kwa simu, wanaondoka.

Kivu Yetu: Wengine wakihojiwa hawalali usiku. Waacheni wapumzike.

Ngaliema: Anayemsifia apewe zile milioni 5 akanunulie mkate.

Mchambuzi: Sawa, nimesikia. Fedha zake za Uswisi zilirudi Kongo?

Kivu Yetu: Hapana. Mwaka 2009 mahakama ya Uswisi iliachia faranga milioni 7.7 zilizokuwa zimezuiwa, zikaenda kwa warithi wake.

Lushois: Mzee wangu alikufa akidai mishahara. Sisi warithi wake twende mahakama gani?

Mama Furaha: Tunza karatasi zake zote. Usitupe hata moja.